Pengo la Milimita Tatu

Hapa Gerezani, Dar es Salaam, ukitaka kuangusha bei ya gari lako mwenyewe, mwambie mnunuzi kwamba injini si yake na giaboksi ni ya otomatiki. Kimoja atakivumilia. Akisikia vyote viwili ataomba namba yako ya simu, na hutamwona tena. Mafundi nao wanaishikilia imani hiyo kwa nguvu zote: otomatiki ni ya gari dogo, ya barabara ya lami, ya mtu asiyebeba mzigo, na ukiifunga kwenye injini ya lori umeiua.

Mimi ni mkereza vyuma. Kufunga injini si kazi yangu, ingawa nimesimama kando ya nyingi zikifungwa. Kinachoniletea riziki ni vile vipande visivyo na namba ya spea dukani: ringi, bushi, flanji, bamba la kuunganisha injini ya gari hili na giaboksi ya gari lile. Kwa hiyo magari ya aina hiyo huyaona mara mbili, kabla ya kuunganishwa na baada ya kuungua. Nikitazama yaliyopita, katika karakana zetu na huko Marekani ambako mashine hii ilikulia, naona kosa ni lilelile. Mzigo na vumbi vinasingiziwa. Otomatiki huuawa pale inapokutana na injini, na mara nyingi huuawa siku ya kwanza, gari likiwa bado halijatoka uani.

Tuanze na malori yetu, maana ndiyo yaliyotufundisha kuidharau. Yaliyojenga biashara ya masafa marefu huku kwetu yalikuwa Bedford, Leyland, Albion na baadaye Fiat, yote ya gia za mkono. Ian Smith alipojitangazia uhuru kule Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ikakatiwa njia ya mafuta ya kusini, na mapipa yakaanza kupakiwa Dar es Salaam kwenda Ndola na Lusaka kwa malori, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa udongo. Wazungu waliiita Njia ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968 mapipa yakapungua, lakini shehena nyingine ziliendelea kupita juu ya magurudumu. Dereva wa wakati ule alikanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, akasikiliza mlio wa injini, akaingiza gia bila kukwaruza. Utingo alikaa naye miaka kabla ya kuruhusiwa kuugusa mkono wa gia. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie kuna giaboksi inayojibadilisha yenyewe! Ungekuwa umemtukana.

Kubadilisha injini, kwa upande mwingine, hakukumshtua mtu. Kazi hiyo ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya Perkins ya Peterborough, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1932, iliuza injini ya dizeli ya silinda sita iliyoitwa P6, na soko lake kubwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia lilikuwa malori ya petroli ambayo wenyewe walichoka kuyanywesha. Injini ilikuja pamoja na vifaa vya kuifungia: mikono, flanji, na belihauzi, ile nyumba inayounganisha injini na giaboksi. Petroli inatoka, dizeli inaingia, giaboksi inabaki ileile. Mzee wa Kisingasinga aliyenifundisha leti katika miaka ya 1980 alikuwa ameifanya kazi hiyo ujanani mwake, na alikuwa na neno moja alilolirudia kila alipomwona mwanagenzi anashika keekee: senta. Tafuta senta kwanza. Matundu ya bolti hata mtoto anaweza kuyatoboa.

Halafu ikaja dhiki. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata, na fedha za kigeni zikawa kitu cha kusikia redioni. Injini ikifa huagizi nyingine, unatafuta iliyopo. Hapo ndipo mafundi wetu walipopata ujuzi wa kufunga chochote kwenye chochote. Ujuzi huo ni wa kweli na siubezi hata kidogo. Lakini ulikuwa ujuzi wa klachi, na klachi ni mvumilivu. Injini ikikaa upande kidogo kuliko giaboksi, klachi itatetemeka, bushi italika, utaendesha mwaka mzima ukilalamika. Otomatiki haikupi mwaka.

Kwa nini haikupi? Lazima tuangalie kilichomo ndani, na hapo inabidi twende mbali, mpaka bandari ya Stettin, iliyokuwa ya Wajerumani na leo ni Szczecin ya Poland. Mhandisi Hermann Föttinger alifanya kazi katika kiwanda cha meli cha Vulcan, na shida yake haikuhusu magari kabisa. Tabaini ya mvuke inataka kuzunguka haraka sana, na propela ya meli inataka kuzunguka taratibu. Mwaka 1905 aliomba hataza ya chombo kilichounganisha viwili hivyo kwa kimiminika: feni moja inarusha, feni nyingine inapokea, na katikati kuna ya tatu iliyotulia ambayo inageuza mkondo na kuurudisha kwa nguvu. Hicho ndicho tunachokiita konveta. Hakuna chuma kinachoshika chuma kati ya injini na magurudumu. Ile feni ya katikati ndiyo inayofanya nguvu ya kuvuta iongezeke gari linapoondoka, karibu mara mbili katika nyingi tunazozijua.

Marekani walipoanza kuuza otomatiki kwa wingi hawakutumia konveta kamili. Hydra-Matic ya General Motors, kazi ya Earl Thompson na wenzake, ilitangazwa mwaka 1939 kwa Oldsmobile za mwaka uliofuata, kwa nyongeza ya dola 57. Ilikuwa na gia nne za mbele na feni mbili tu za mafuta. Ya tatu haikuwemo. Wengi wetu tungedhani kitu kama hicho kilijaribiwa kwanza kwa upole, kwenye magari ya mabenki na madaktari. Kumbe muda si muda kilipelekwa vitani, tena kwa njia ya kubadilisha injini.

Kifaru chepesi cha Marekani, M3 Stuart, kiliendeshwa na injini ya ndege, ile ya duara. Vita vilipopamba moto ndege zikazitaka injini hizo zote. Cadillac wakapendekeza waweke injini mbili za gari la abiria, V8 mbili ubavu kwa ubavu, kila moja na Hydra-Matic yake. Maofisa walikuwa na wasiwasi, na nadhani wangenikuta mimi pale ningekuwa na wasiwasi zaidi yao. Kifaru kipya, M5, kilianza kutoka kiwandani mwaka 1942, na M24 iliyokuja baadaye ikafuata mpango huohuo. Mtu anayeniambia otomatiki haiwezi mzigo humwuliza kama ameshawahi kupakia kifaru kwenye Canter.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha moto. Tarehe 12 Agosti 1953, katika kiwanda cha Hydra-Matic kule Livonia, Michigan, mafundi walikuwa wakikata bomba juu darini kwa gesi. Cheche zikaangukia sinia la kukingia mafuta chini ya mkanda wa kubebea vipande. Kufikia jioni kiwanda chote kilikuwa majivu, na hasara ile ilihesabiwa miongoni mwa kubwa kuliko zote za viwandani hadi wakati huo. Kila aliyewahi kushika tochi ya gesi kwenye karakana yenye dumu la mafuta machafu sakafuni anajua ilivyokuwa, na sina haja ya kumwelezea.

Fikiria sasa hali ya General Motors. Cadillac, Oldsmobile na Pontiac zinatoka kwenye mkanda bila giaboksi, na wateja hawataki tena klachi. Hata washindani waliokuwa wakinunua kwao, Lincoln, Nash, Hudson na Kaiser, wamekwama. Wakafanya kile ambacho Gerezani tunakifanya kila wiki: wakachukua giaboksi ya mwingine. Dynaflow ya Buick ikafungwa kwenye Cadillac na Oldsmobile. Powerglide ya Chevrolet, yenye gia mbili tu, ikafungwa kwenye Pontiac. Haya yalikuwa magari ya fahari ya taifa tajiri, yakiuzwa mapya dukani na giaboksi za kuazima. Yalitembea. Yalitembea kwa sababu wahandisi wao walikaa wakapima: injini inatoa nguvu kiasi gani kwa mizunguko mingapi, konveta inashika wapi, propela inakaa pembe gani. Kabla mwaka haujaisha Hydra-Matic zilikuwa zinatoka tena, safari hii kutoka Willow Run, jengo kubwa ambamo Ford walikuwa wameunda ndege za B-24 wakati wa vita.

Kwenye malori mambo yalikuwa rahisi zaidi kwa upande mmoja na magumu kwa mwingine. Jeshi la Marekani lilikuwa na GMC M135 wakati wa vita vya Korea, lori la magurudumu sita lenye injini ya petroli ya silinda sita na Hydra-Matic. Hilo lilizaliwa nayo. Kwa injini za kubadilisha, neema ilitoka kwa chama cha wahandisi wa magari cha kule kwao, SAE, kilichoweka vipimo vya nyumba za flaiwili kwa namba. Waundaji wa injini kama Cummins na Caterpillar walimwuzia kila mtu, mwenye lori, mwenye boti, mwenye jenereta, kwa hiyo nyuma ya injini ilibidi pawe na lugha moja. Namba ikipungua, nyumba inakuwa kubwa. Ile ya namba 3 ina matundu 12 na duara la kukalia la milimita 409.6. Nikipewa injini na giaboksi zenye namba hiyo hata siwashi mashine; nawaambia wapeleke wakafunge.

Magari madogo na pikapu hayakuwa na neema hiyo. Kila kampuni ilichora matundu yake. Chevrolet waliwasaidia watu bila kukusudia, kwa sababu V8 yao ndogo ya mwaka 1955 ilibaki na mpangilio uleule wa matundu kwa miongo. Mmarekani mwenye pikapu nzee aliweza kuokota injini ya mwaka wowote na giaboksi ya mwaka mwingine, akavikutanisha uani kwake. Nako huko kulikuwa na mtego. Mwaka 1986 walibadilisha sili ya nyuma ya krenkshafti, na flanji ya krenki ikapunguzwa. Kwa nje matundu ya belihauzi ni yaleyale, injini inakaa vizuri kabisa, ila lile bamba jembamba linalokaa mahali pa flaiwili halishiki. Watu wengi wameligundua hilo wakiwa chini ya gari, usiku, mikono imejaa mafuta.

Mwaka 1989 Dodge walitoa pikapu yenye injini ya lori, Cummins ya silinda sita, lita 5.9. Nguvu farasi 160 tu, lakini mvuto wa pauni-futi 400, na inafika mwisho wake kwenye mizunguko 2,500. Giaboksi ya otomatiki waliyoifunga ilikuwa ya ukoo wa TorqueFlite 727 ya mwaka 1962, iliyobuniwa kwa V8 za petroli zinazokimbia. Kati yake na Cummins waliweka bamba nene la kuunganisha. Kiwanda kikubwa namna ile, na bado jibu lilikuwa bamba! Nilipoliona hilo bamba kwa mara ya kwanza nililigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu. Lilikuwa na pini za senta, mbili, zimesagwa kwa usahihi ambao leti yangu ya Colchester inaufikia siku ikiwa na moyo mzuri.

Ndiyo nifike kwenye pikapu ya mzee wa mbao.

Alikuwa mfanyabiashara wa Mafinga, na pikapu ilikuwa ya Kimarekani, Chevrolet iliyoachwa na mradi fulani wa maendeleo. Ilikuwa na V8 ya petroli ya lita 5.7, na nyuma yake Turbo-Hydramatic 400, TH400 kwa kifupi, giaboksi ya gia tatu iliyotoka mwaka 1964 na ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa zilizo imara kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Petroli ikamshinda. Akanunua Isuzu 4BD1, dizeli ya silinda nne, lita 3.9, injini ya lori ambayo spea zake huzikosi kuanzia Tunduma hadi Namanga. Fundi wake, simtaji, alifunga. Gari likawaka, likasogea kama mita mia, likasimama. Pampu ya giaboksi ilikuwa imesagika. Wakanunua pampu, wakafunga tena, safari hii likaenda mpaka likaanza kunuka. Ndipo wakaleta kwangu, giaboksi ikiwa kwenye mkokoteni.

Pampu kwanza. Konveta haining'inii tu nyuma ya injini. Inaingia kwenye giaboksi kwa hatua tatu: shafti ya feni inayopokea, shafti ya feni ya katikati, kisha meno mawili ya shingo yanayoizungusha pampu. Ukiwa unaisukuma huku unaizungusha kwa mkono, utaisikia inadondoka mara tatu. Ikidondoka mara mbili tu, bado inaonekana imeingia. Mtu asiyejua anasogeza giaboksi kwenye injini, anaona imebaki nafasi kidogo, anachukua spana anakaza bolti za belihauzi ili zivute. Zinavuta kweli. Zinaisukuma konveta dhidi ya meno ya pampu mpaka kitu kivunjike. Inavyotakiwa, belihauzi ikutane na injini kwa mkono, bila spana, na baada ya kukutana konveta izunguke huru, ikiwa na pengo kati yake na lile bamba jembamba. Milimita tatu ni sawa. Halafu ndipo unaivuta mbele taratibu na kufunga bolti zake. Kama pengo ni kubwa kuliko hapo, unaweka washa. Kama halipo kabisa, kuna kosa na ni lazima utoe giaboksi.

Pikapu ile haikuwa na pengo. Fundi alikuwa ametengeneza bamba la kuunganisha kwa kuchora matundu kwenye boksi la katoni, akalikata kwenye chuma cha milimita kumi, wala hakuhesabu kwamba flanji ya krenki ya Isuzu inatokeza tofauti na ya Chevrolet. Nikafunga saa ya kupimia kwenye krenki, nikaizungusha injini taratibu, sindano ikatembea thau arobaini, yaani elfu arobaini za inchi moja (0.040), kwenye mdomo wa belihauzi. Thau kumi ningeshaanza kununa. Kwa upotofu huo konveta inazunguka huku inaisukasuka shingo yake, na bushi ya pampu inaliwa hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Nilitengeneza bamba jipya la milimita ishirini, nikaliweka pini mbili, nikakereza kipande cha kukalia kati ya krenki na konveta ili senta itoke kwenye chuma na wala isitegemee bolti. Stata nayo ilibidi isogezwe, kwa sababu meno yake yalikuwa yanagusa ncha ya ringi tu. Hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa rahisi.

Harufu ya kuungua ilitoka kwingine, na ilimchukua fundi wangu wa giaboksi muda kuishawishi akili ya mwenye gari. TH400 haina kompyuta. Inajua mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani kwa kupima vakyumu ya injini, kwa kikopo kidogo kilichofungwa ubavuni. Petroli ina kabureta, na ukikanyaga vakyumu inapungua. Giaboksi inaelewa kuna mzigo, inaongeza presha ya mafuta inayokamata klachi zake za ndani, inachelewa kubadili gia. Dizeli haina mlango wa hewa, kwa hiyo haina vakyumu ya namna hiyo. Isuzu ina pampu ya vakyumu nyuma ya alteneta kwa ajili ya breki, na fundi wa kwanza alichomeka mpira pale. Vakyumu kamili, muda wote. Giaboksi ikawa inaamini kwamba gari linateremka mlima bila kitu nyuma, hata likiwa limebeba tani ya saruji. Presha ikabaki chini, klachi zikateleza, zikaungua. Giaboksi ilikuwa inatii kile ilichoambiwa.

Dawa yake ilikuwa Mercedes ya dizeli ya miaka ya 1970 na 1980, zile W123 zilizojaa Dar wakati ule. Zenye otomatiki zilikuwa na valvu ndogo juu ya pampu ya nozeli, inayopunguza vakyumu kadiri unavyokanyaga. Wajerumani walishakutana na tatizo hilohilo na walishalitatua. Tukaipata kwenye gari lililokufa Ilala, nikatengeneza mkono wa kuishikia kwenye pampu ya Isuzu. Likabaki suala la govana. Govana ya TH400 hubadili gia kwa mwendo wa gari, kwa vizito vidogo vinavyofunguka vikizunguka, na ilikuwa imepangiwa V8 inayoweza kupita mizunguko 4,000. Isuzu haifiki huko. Ukikanyaga mpaka chini ingebaki gia ya kwanza inalia, ikisubiri mwendo usiokuja. Nikaongeza uzito kidogo wa shaba kwenye vile vizito, sawasawa pande zote, tukajaribu barabarani, nikapunguza, tukajaribu tena. Mwisho kipozeo cha mafuta kikawekwa peke yake mbele ya rejeta, maana rejeta waliyokuja nayo ilikuwa ya gari la gia za mkono na haikuwa na njia ya kupozea giaboksi. Walikuwa wameunganisha mabomba mawili kwa kipande cha mpira, mafuta yanazunguka yakichemka.

Mzee aliipandisha Kitonga na shehena, kisha akaiuza kwa bei nzuri kwa mtu wa Makambako. Hakumwambia kwamba injini imebadilishwa. Kadi ya gari ilisema, asiyesoma shauri yake.

Mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki yana kisa chake pia. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 mafuta ya otomatiki ya Marekani yalichanganywa na mafuta ya nyangumi, kwa sababu hakuna kingine kilichozipa klachi utelezi uleule wa kiasi. Nyangumi wakalindwa kisheria, wakemia wakahangaika kutafuta mbadala, na giaboksi kadhaa zikalipa gharama ya mahangaiko hayo. Nalisema kwa ajili ya wale wanaomimina haidroliki yoyote ilimradi ni nyekundu.

Wimbi la Japani limenikuta nikiwa mtu mzima. Serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu waagize bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mtumba wa magari ulianza kuja kidogo kidogo, kisha miaka ya 1990 ukafurika, na mengi yake yalikuwa otomatiki. Hilux Surf za dizeli ya turbo, 2L-T, zilikuwa maarufu kwa kupasua silinda hedi, na mafundi wakazoea kuweka 3L ya lita 2.8 isiyo na turbo, injini ya pikapu ya kazi. Matundu ya belihauzi yanalingana. Mkereza hahitajiki, na hapo ndipo watu walipojisahau. Giaboksi ya Surf ina kebo inayotoka kwenye mkono wa pampu ya mafuta kwenda ndani, na kazi yake ni ileile ya kikopo cha vakyumu: kupandisha presha unapokanyaga. Kebo ikifungwa legevu, au ikiachwa inaning'inia kwa kuwa injini mpya haina pa kuishikiza, klachi zinaungua ndani ya safari chache. Wamarekani waliyapitia hayohayo na 700R4 yao ya mwaka 1982, nayo ya kebo, wakaitukana miaka mingi. Zenye kompyuta zinahitaji pia kihisio cha mguu, na kama hakipo kompyuta inakata tamaa na kukuachia gia moja. Mwenye gari anasema otomatiki haiwezi dizeli.

Malori makubwa ya leo yamekwepa mjadala. Opticruise ya Scania na I-Shift ya Volvo, iliyotoka mwaka 2001, ni giaboksi za kawaida zenye klachi, na mkono wa dereva umebadilishwa kwa hewa na kompyuta. Hazina konveta. Anayezifananisha na TH400 kwa sababu zote hazina kanyagio la klachi hajafungua hata moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama injini ya pikapu yako imekufa na umepata nyingine, usikimbilie kung'oa otomatiki kwa sababu ya maneno ya kijiweni. Uliza mambo machache kabla ya kutoa fedha: senta imepimwa kwa nini, giaboksi itajuaje mguu wako, mafuta yatapozwa wapi. Siku ya kufunga usiende kunywa chai. Simama pale, na belihauzi ikishakutana na injini mwombe fundi aizungushe konveta kwa mkono ukiona. Akikwambia imebaki nafasi kidogo lakini bolti zitaivuta, mnyang'anye spana.